UZI: "Kuenea kama moto wa nyika": nyika gani hiyo?

#1 Mtafsiri wa Langoni

Asalaam aleikum jamani. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe limenikaa moyoni tangu Jumanne.

Mimi hutafsiri habari za Kiingereza na kuzisoma katika redio ndogo ya huku kwetu Lamu. Jumanne nilikuwa na habari ya uvumi kwamba mafuta ya mashine za boti yatapanda bei. Kiingereza chake kilisema uvumi huo "spread like wildfire". Nikasoma hewani, kama nilivyosoma mara nyingi huko nyuma, kwamba uvumi "ulienea kama moto wa nyika". Jioni napita Mkunguni, mbele ya ngome, mzee mmoja aliyeketi kivulini na wenziwe akaniita. "Mwanangu, nimekusikia. Nyika gani hiyo? Hapa Amu i wapi nyika?" Amu ndilo jina letu la Lamu. Alitaka kujua kweli. Nikatazama kulia, ukuta wa mawe. Kushoto, ukuta wa mawe. Punda wawili wamebeba mchanga, na ukishuka kidogo ni bahari. Sikuwa na la kumjibu. Nikamwambia nitarudi na jibu.

Nianze na msemo wenyewe, maana nimeusoma siku zote hizi. Neno "wildfire" ni la kale, limo katika Kiingereza tangu miaka elfu moja hivi iliyopita, na mwanzo lilikuwa moto wowote mkali unaoteketeza na kumshinda mtu nguvu. Kisha likaingia vitani. Katika karne ya 7 wanamaji wa Rumi ya Mashariki, wale wa Konstantinopoli ambayo leo ni Istanbul, walikuwa wakizimiminia merikebu za adui moto ambao uliendelea kuwaka hata juu ya maji. Waingereza wa zama za kati walipoutaja moto wa aina hiyo, waliuita kwa neno hilo hilo. Kwa hiyo moto wa msemo huu umepita baharini pia. Kwa mtu wa kisiwani hilo si jambo dogo.

Mwaka 1594 Shakespeare, katika shairi lake refu la Lucrece, anamtaja Sinon, yule aliyewalaghai watu wa Troya mpaka wakaingiza mjini farasi wa mbao. Maneno ya Sinon anayafananisha na moto huo, uliouteketeza mji wa kifahari. Tazameni: tayari kinachowaka ni maneno.

Sasa maana yake leo. Wengi wetu tunashika kasi tu, na hapo ndipo tunapokosea. Mwingereza hausemi msemo huu kwa kila chenye mbio. Mkimbiaji hakimbii hivyo, wala gari haliendi hivyo. Kinachoenea hivyo ni kitu ambacho kila kinachokipokea kinageuka kuwa cha kukipeleka mbele. Unyasi ulioshika moto ndio unaouwasha wa jirani yake. Aliyesikia ndiye anayesema. Hakuna anayeusukuma, na yule aliyeuwasha hawezi tena kuuita urudi.

Maana naijua, basi. Swali langu kwenu ni hili: huko kwenu, Amu, Siyu, Faza, Malindi, Mambrui, jambo likienda hivyo mnasemaje? Mnautaja moto? Upi?

#2 Kidato cha Nne

Mwalimu, samahani nikikatiza. Sisi tuna mtihani mwaka huu. Kwenye insha niliandika uvumi "spreaded like a wildfire", nikakatwa alama mbili na sikuelezwa kosa. Kosa ni wapi?

#3 Mtafsiri wa Langoni

Makosa ni mawili, mwanangu, na yote ni ya kurekebisha leo hii. Kitenzi "spread" hakibadiliki kikienda wakati uliopita. Kinabaki "spread" vile vile, na "spreaded" haipo. La pili, msemo huu hausemwi na ile "a" katikati. Ni "like wildfire", basi. Ukitia "a" umetaja moto mmoja fulani wa msituni, na msemo umevunjika. Tena neno hilo huandikwa pamoja, halikatwi mara mbili.

Uutumie kwa habari, uvumi, maradhi, mtindo, wimbo, wazo. Jambo jema nalo huenda hivyo kwa Kiingereza: habari ya ushindi wa timu inaweza. Usiutumie kwa mtu. Na usiutie mara mbili katika insha moja, mwalimu atachoka.

#4 Bi wa Mkomani

Aleikum salaam mwanangu. Mimi sikusoma Kiingereza, lakini moto naujua, maana nimeupulizia miaka hamsini.

Mnasema moto moto kama kwamba moto ni mmoja. Jikoni kwetu kuna mioto. Kuna moto wa kifuu. Ukitia kifuu kikavu cha nazi baina ya mafiga hakikungoji. Mara kishashika, ulimi umepanda mpaka kwenye ukingo wa sufuria, unasikia mafuta yaliyosalia mle yakitatarika, na uso unakuunguza uondoke. Kabla nyama haijaiva, chini pamebaki kaa jekundu tu. Ndiyo maana mtu wa hasira za ghafla tukasema "amekuja juu kama moto wa kifuu". Huwa juu, halafu akishuka ameshuka. Wako watu nawasikia wakisema habari imeenea kama moto wa kifuu. Mimi sioni. Kifuu hakiendi popote, kinawaka pale pale kilipo. Hiyo ni sifa ya ukali, si ya kuenea.

Kuna moto wa kumbi, yale maganda ya nje ya nazi. Huo mpole. Bibi yangu alikuwa akifukia kipande cha kumbi jivuni usiku, na alfajiri akikifukua kina chembe nyekundu ndani, akipuliza tu, chai inatengenekea hapo.

Na kuna moto wa pumba. Huu ndio wa kuogopwa. Pumba za mpunga zikishika moto huoni kitu. Juu jivu jeusi, limetulia, kuku anapita kando. Ndani moto unakwenda polepole siku mbili, tatu, unakula chungu lote. Ndugu yangu mdogo alikanyaga chungu la pumba akidhani limezima siku nyingi. Mguu mpaka leo una alama. Basi ile habari inayonong'onwa, huyu kaambiwa na huyu, yule kaambiwa na yule, kwenye shughuli wanawake wanatazamana tu na hakuna anayesema kwa sauti, hiyo ni moto wa pumba. Siku ikitoka nje nyumba tayari imekwisha liwa ndani.

Nyika siijui. Sijawahi kulala nje ya kisiwa ila Mombasa.

#5 Mtafsiri wa Langoni

Ahsante sana Bi mkubwa. Hii ya kifuu nilikuwa nikiikosea, nimewahi kuisoma hewani kwa habari iliyosambaa. Sirudii tena.

#6 Fundi Paa, Malindi

Mimi naezeka makuti. Nimeezeka nyumba za watu na mahoteli, kuanzia Malindi mjini mpaka Watamu, na mioto ya makuti nimeiona kwa macho yangu. Kama mnataka moto unaoenea, basi ni huu.

Nieleze paa lilivyo kwa wasiolijua. Tunatumia makuti ya viungo, yale yaliyokunjwa na kushonwa kwenye ufito, na tunayafunga kwenye pau safu juu ya safu. Yale ya kumba, yaliyosukwa, ni ya ua na kuta. Fundi mzuri huzikaza safu, maji yasipite. Baada ya miaka michache, na hasa pale panapopikwa chini yake, upande wa ndani unakuwa mkavu kama karatasi. Cheche moja inatosha.

Sasa sikilizeni unavyokwenda. Moto wa makuti hautambai. Unaruka. Hewa ya moto inapanda ndani ya paa kama ndani ya bomba, inachomoza juu kwenye mgongo wa paa, inabeba vipande vya kuti vinavyowaka na kuvikabidhi upepo. Vinaanguka wapi? Si nyumba ya pili. Mara nyingi ya tatu au ya nne. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipoona mara ya kwanza. Watu wote na ndoo zao tulikuwa tumeizunguka nyumba inayoungua, mzee mmoja fundi akatupigia kelele, "Iacheni hiyo, hiyo imekwisha!" Akakimbia kuelekea unakokwenda upepo, akapita nyumba ya pili, akapanda ya tatu na panga, akaanza kukata kamba na kuvuta makuti chini. Mwenye nyumba analia, "Unanivunjia, wala haijashika!" Fundi hamjibu, anakata. Kipande kilipokuja kuanguka kikakuta fito tupu, kikapita katikati, kikafa mchangani. Mtaa ulipona hapo.

Huku kwetu, Malindi na Watamu, hoteli za makuti zimeteketea zaidi ya mara moja, na kila mara utasikia "moto ulianza pale, lakini kumbe na kule kunawaka". Hiyo "kumbe na kule" ndiyo makuti.

Kwa hiyo mimi nikipata ujumbe kwenye simu, na mke wangu aliye Mombasa ameupata, na shemeji aliye Uarabuni ameupata, na jirani yangu wa ukuta hajausikia, nasema huo ni moto wa makuti. Haukupita kwa jirani. Umeruka.

#7 Mtafsiri wa Langoni

Fundi, umenifungulia mlango. Nyika huungua kwa kugusana, makuti huungua kwa kuruka. Habari ya barazani, ya mdomo kwa sikio, hiyo ni kugusana. Habari ya simu ni kuruka. Kiingereza kinazitia zote katika msemo mmoja, na sisi tunao uwezo wa kuzitofautisha.

Na lile paa la tatu nalo limenikumbusha kitu. WhatsApp mwaka 2019 waliweka mpaka duniani kote, ujumbe mtu asiweze kuupitisha mbele kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja. Aprili 2020, wakati wa korona, ule uliokwisha pitishwa mara nyingi wakaufunga uende kwa mmoja mmoja. Hawakuzima ujumbe wenyewe. Walivua makuti mbele ya upepo.

#8 Mwana wa Marafa

Mwanzisha uzi, salamu kwako. Mimi nimeumia kidogo na naomba niseme.

Mzee wa Mkunguni kauliza nyika iko wapi, na wote hapa mmekubali kana kwamba nyika ni kitu cha Mzungu kilichokuja na kamusi. Nyika iko hapa. Ukitoka Malindi mjini ukaelekea Marafa, hujachoka garini, umeshafika. Mimi nimezaliwa humo. Babu zetu waliitwa Wanyika na watu wa mjini, na halikuwa jina la heshima; ni miaka ya 1940 hivi ndipo jina la Mijikenda liliposhika nafasi yake. Basi msije mkatuondolea nyika na katika msemo pia.

Na moto wake naujua. Mwezi wa pili, mwezi wa tatu, jua limekausha kila kitu, kaskazi bado inavuma, watu wanafyeka mashamba na kuchoma kabla ya mvua za masika. Ukichoma shamba lako vizuri, unafyeka kwanza ukanda mtupu pande zote, unangoja upepo utulie jioni, unawasha kuanzia upande ule ambao upepo unauendea, ili moto urudi nyuma polepole. Asiyejua huwasha kwa upande mwingine, mchana. Hapo utasikia kabla ya kuona. Moto wa nyika unavuma. Ni sauti nzito, kama lori linakuja mbali, halafu ndege wanatokeza, halafu panya na nyoka wanapita miguuni mwako bila kukujali, kisha ndio unauona umevuka barabara. Mama yangu mwaka mmoja alipoteza banda la mahindi na mbuzi wawili kwa moto ulioanzia shamba ambalo hata hatulijui lilipo. Aliyewasha hakuwa na nia mbaya. Na sisi tulipouzima tuliuzima kwa kuwasha mwingine mbele yake, kwa sababu dawa ya moto ni moto.

Kwa hiyo ukisema redioni "kama moto wa nyika", mimi wa Marafa naona picha nzima. Mzee wa Amu haoni. Basi redio yako inasikilizwa na nani?

#9 Mtafsiri wa Langoni

Ndugu yangu wa Marafa, niwie radhi. Umesema kweli na nimejifunza. Nilidhani msemo umetafsiriwa neno kwa neno na haukuwa na mizizi, kumbe mizizi iko upande wa pili wa ghuba. Hata bara yetu ya Lamu, Witu na Hindi, watu wanachoma mashamba vile vile na redio yetu wanaisikiliza.

Na umetaja neno moja nililipita kila siku bila kulitazama. Umesema moto wa nyika "unavuma". Upepo unavuma. Ngoma inavuma. Nyuki wanavuma. Na habari je? Zimevuma. Uvumi umetoka hapo hapo. Kiswahili kilipotaka jina la habari isiyo na mwenyewe hakikwenda kwenye mwali, kilikwenda kwenye sauti: kitu unachokisikia kabla hujakiona, kama ulivyousikia wewe moto kabla haujavuka barabara.

Halafu angalieni na vitenzi vingine, tunavyovichanganya sisi wa habari. Kutapakaa ni kwa kilichomwagika, nafaka au maji, hakina mpango. Kuzagaa nakisikia kina lawama kidogo. Takataka huzagaa, uongo huzagaa, habari njema haizagai. Kutanda ni kwa mawingu na giza, kitu kinachofunika. Kusambaa ni kwenda huku na huku, na Kenya sasa mtu akisema "nisambazie" anataka kredi ya simu. Na kuenea, neno tunalolitumia kuliko yote, lina maana ya kutosha ndani yake. Wali umeenea wageni, yaani kila mmoja amepata. Kanzu imemwenea, yaani imemkaa sawasawa. Habari iliyoenea basi ni ile iliyomfikia kila mtu, hakuna aliyebaki. Hapo hakuna mbio hata kidogo.

#10 Fundi Paa, Malindi

Mwana wa Marafa, mimi nanunua fito na kamba huko kwenu. Nakuunga mkono.

#11 Kijana wa Matondoni

Nilikuwa nasoma tu, lakini hili la uvumi limenigusa, acha niandike.

Nilikuwa darasa la tano. Baba alikuwa mvuvi, ametoka na wenziwe watatu kuelekea pande za Kiwayu, siku ya nne hiyo. Asubuhi mtu mmoja akivuka kutoka Mokowe akasema ameona mashua imepinduka, tumbo juu. Hakusema ya nani. Alipoteremka jetini mtu akamuuliza rangi. Akasema kama kijani. Ya baba ilikuwa na mstari wa kijani.

Hiyo ilikuwa baada ya jua kupanda. Adhuhuri haijaadhiniwa, shangazi yangu wa Lamu mjini ameshafika kwetu kwa miguu, analia tangu njiani. Baada ya adhuhuri majamvi yametandikwa. Watu wameleta sukari na mchele. Kuna mtu alikuja na kusema ameambiwa maiti mmoja ameonekana Manda. Mwingine akasema wawili. Mama hakulia. Alikaa mlangoni na kanga yake imefunikwa mpaka puani, anatazama mkoko.

Laasiri watu wakiwa msikitini, baba akatokea njiani na kapu la changu begani, na tewa mmoja mkubwa mkononi. Aliona majamvi akauliza, "Nani amekufa?" Hakuna aliyemjibu. Mama akasimama, akamwendea, akampokea yule tewa, akamshika kifuani na magamba yake na damu, akaingia naye ndani. Hapo ndipo tulipomsikia analia.

Ninachotaka kusema ni hiki. Habari ya kufa kwake ilifika Faza na Siyu siku ile ile. Habari ya kurudi kwake haikukimbia hivyo. Siku tatu baadaye bado watu walikuwa wakishuka Matondoni na rambirambi, wanamkuta mwenyewe anashona wavu. Mmoja aliona haya akarudi na sukari yake, baba akamwita akanywa naye chai.

Kwa hiyo mimi msemo wa moto nauona una ukweli mmoja ambao hamjautaja. Moto unakwenda mbele tu. Haukuletei habari ya kwamba umekosea. Pale ulipopita hauna tena cha kuwasha, na anayekuja na habari ya kweli anapita juu ya jivu.

#12 Bi wa Mkomani

Mwanangu wa Matondoni, nimelia. Mungu amrehemu mzee wako kama ametangulia, na kama yu hai mpe salamu zangu. Nakumbuka siku hiyo. Kwetu pia ilifika.

#13 Kijana wa Matondoni

Yu hai Bi, alhamdulillahi. Haendi tena baharini ila barazani. Nitampa.

#14 Muuguzi Mstaafu

Naingia mwisho mwisho. Mtafsiri amesema msemo huu hutumika kwa maradhi pia. Kwa Kiingereza hutumika sana, na kwa hakika neno lenyewe zamani lilikuwa pia jina la uvimbe wa ngozi unaowaka na kutanuka. Lakini mimi nina ugomvi na moto unapotajwa kwenye maradhi, na ugomvi wenyewe umetoka hapa Lamu.

Mwaka 2004 nilikuwa kazini. Katikati ya mwaka ule watu walianza kuja wamepinda. Homa ya ghafla, na viungo vinauma hata mtu hawezi kushika kikombe. Nyumba moja watu wanane, wote chini. Ilikuwa chikungunya. Jina hilo ni la Kimakonde, kwa kilichojikunja, maana ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza huko kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, na waliouugua walitembea wameinama. Uchunguzi wa damu uliofanywa hapa baadaye ulikadiria kwamba robo tatu ya watu wa kisiwa waliambukizwa, kama watu 13,500. Robo tatu! Kutoka hapa ukaonekana Mombasa, mwaka 2005 uko Komoro, ukaenda mpaka Réunion.

Kila mtu alisema umeenea kama moto. Na nilipowasikia nikaona linavyotupoteza. Neno moto linamfanya mtu akimbilie maji. Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Visima vilikuwa na maji kidogo na watu waliweka akiba: mapipa, madumu, ndoo zisizofunikwa, na hawakuyabadili kwa sababu ni machache. Mbu anayeeneza ugonjwa ule huuma mchana, na huzaa humo humo, kwenye maji yaliyotulia nyumbani kwako. Hautoki kwa jirani kama mwali. Unazaliwa uvunguni. Tulipopita nyumba hadi nyumba kazi yetu ilikuwa kuwaambia watu wafunike maji, wasugue mapipa, wamwage yaliyokaa. Hebu fikiria kumwambia mtu amwage maji katika mwaka wa kiu, wakati kichwani mwake kuna moto.

Bi wa Mkomani atanisahihisha nikikosea, lakini nyumba zetu za mawe zilikuwa na dawa yake. Mle chooni kwenye birika wazee walitia samaki wadogo, na chini waliweka bakuli la kaure ili samaki wapate maji hata birika likipungua. Samaki wale kazi yao kula mabuu ya mbu. Pipa la plastiki halina samaki.

Kwa hiyo ombi langu kwa mtafsiri: siku ukisoma habari ya maradhi, usitie moto. Kipindupindu ni maji na vyoo. Malaria ni mbu. Surua na korona ni pumzi ya mtu, na hata hapo moto si picha yake. Tuambie ugonjwa umeingia wapi, kwa njia gani, umefika nyumba ngapi. Msikilizaji ataogopa inavyotosha, na atajua la kufanya na mikono yake.

#15 Bi wa Mkomani

Hukukosea. Birika letu lilikuwa na samaki watatu. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kuwashika, na tuliwashika.

#16 Kidato cha Nne

Muuguzi, hii ya samaki naomba niitumie kwenye insha ya Kiswahili. Mwalimu wa Langoni, sasa kwa Kiswahili niandike nini? "Kama moto wa nyika" ni kosa au si kosa?

#17 Mtafsiri wa Langoni

Si kosa, mwanangu. Ndugu wa Marafa ameutetea na ameshinda. Andika "moto wa nyika" ikiwa habari inapita kwa watu waliokaribiana na imewashinda kuizuia. Ikiwa imeruka kwa simu kutoka mji hadi mji, "moto wa makuti" mtahini wa pwani atakuelewa, ila eleza kwa sentensi moja, maana wa bara huenda hajaliona paa lenyewe. Ya kunong'onwa, pumba. Ya hasira, kifuu. Ya maradhi, umemsikia Muuguzi.

Nami leo baada ya magharibi nimerudi Mkunguni. Mzee yupo pale pale. Nikamweleza yote haya: Marafa na nyoka wake, fundi na panga lake, pumba za Bi mkubwa. Habari ya tewa nilipoifikia alinyamaza kitambo; anamjua mvuvi yule. Mwisho nikamuuliza, "Sasa wewe mzee wangu, ile habari ya mafuta ya boti ungeisemaje?"

Akafikiri. Akasema, "Mimi? Ningesema alfajiri ilikuwa kwa mtu mmoja, na laasiri haiyaadhiniwa, mui mzima ushayua."

Nimeiandika kwenye daftari kama alivyoitamka, kwa Kiamu chake: haiyaadhiniwa ni haijaadhiniwa, mui ni mji, ushayua ni umeshajua. Kesho saa moja asubuhi kuna habari ya uvumi mwingine, wa nauli za Mokowe, na nitaisoma hivyo.